Waya Usiochoka

Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro karibu na Nakuru, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Aghalabu mtafiti wa hapo huulizwa anashughulikia mmea gani. Mwanafunzi wa uzamivu katika fizikia ya nadharia hana mmea wa kuonyesha. Ana kalamu, rundo la karatasi na tarakilishi, na hesabu ya mwezi mzima huweza kubatilishwa na alama moja ya kutoa iliyosahaulika.

Nyumbani mamake humwuliza, "Mwanangu, hiyo nadharia itaisha lini uanze kazi?" Neno lenyewe limekwisha kumhukumu, maadamu watu husema "hiyo ni nadharia tu" wakikusudia maneno matupu.

Hebu tuchukue anayechunguza upitishaji wa umeme usio na ukinzani. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, mjini Leiden, Uholanzi, alipoza zebaki hadi nyuzi 269 hivi chini ya sufuri, ukinzani wake ukatoweka ghafla. Vipimo vilionyesha; sababu haikujulikana. Ilipita miaka 46 kabla ya Bardeen, Cooper na Schrieffer kueleza, mwaka 1957, kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, huweza kwenda jozi jozi ndani ya metali. Kisha mwaka 1986 ikagunduliwa oksidi ya shaba yenye tabia hiyo hiyo katika baridi isiyo kali kiasi hicho. Oksidi za namna hii hazijapata nadharia inayokubaliwa na wote, na hapo ndipo alipo mwanafunzi wetu.

Amwelezeje mamake? *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI, ya mwaka 1990, humsaidia kwa istilahi, lakini istilahi si maelezo. Huanzia Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu mwaka 1981. Sehemu ya umeme huo hupotea njiani ikiwa joto, kwa kuwa nyaya huukinza.

"Kumbe unatafuta waya usiochoka!" mama husema. "Na hizo jozi, ni nini huzishikanisha?"

Katika zebaki angeweza kumjibu: ni mtikisiko wa atomu za metali yenyewe. Katika oksidi za shaba hajui, wala msimamizi wake hajui. Hurudi Njoro na swali hilo, akachukua karatasi nyingine.