Viatu vya Gari

Mtu anapofikisha umri wa miaka 53 kisha akanunua gari la mbio, hana budi kuzoea maswali. Ndugu humwuliza kama ameokota fedha. Majirani humwuliza kama ana mpango wa kuoa tena. Mke humwuliza swali moja tu, nalo ni gumu kuliko hayo yote: litatubeba sote? Mimi nilinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, ya buluu, iliyokwisha kutumika, na maswali hayo yote niliulizwa. Mengi niliyajibu kwa kicheko. Lile la mke wangu halikutaka kicheko, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba jibu lake halikuwa katika injini wala katika viti. Lilikuwa chini kabisa, kwenye rimu na matairi.

Kwanza niseme kwa nini nililitaka gari lile. Sisi wa rika langu tulikua tukisikia habari za Safari Rally kama watoto wengine wanavyosikia ngano za sungura na fisi. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na siku hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalibaki Kenya, lakini sifa zake hazikujua mpaka. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns alishinda tena kwa gari la jina hilo hilo. Yalikuwa magari ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu. Buluu na dhahabu ile iliniingia moyoni ikakaa humo miaka yote niliyokuwa nikiendesha magari ya adabu, yale ambayo mtu huyanunua kwa sababu vipuri vyake ni rahisi. Kupenda kitu kizuri si dhambi, na uzee haumfanyi mtu awe kipofu.

Basi gari lilipofika, jambo la kwanza nililolitaka ni rimu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ndiye anayejua mambo haya pale nyumbani. Alinichukua Jumamosi moja mpaka Ilala, kwenye maduka ya vipuri vya mitumba, ambako rimu huning'inizwa ukutani kama sinia za harusini. Akanionyesha seti ya inchi 18, spoki nyembamba, inang'aa.

"Mjomba," aliniambia, "gari lako linazililia hizi."

Zilikuwa nzuri kweli. Lakini mimi nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi, na mhasibu hawezi kununua kitu chenye namba bila kuzisoma namba zake. Nikaomba tusubiri. Nilirudi nyumbani, nikachutama kando ya gari langu na kuanza kusoma.

Kila tairi limeandikwa ubavuni habari zake zote, na wengi wetu hatuzisomi. Matairi niliyolikuta nayo yaliandikwa 205/55R16 91V. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni kimo cha ubavu, nacho hupimwa kwa asilimia ya upana ule. Asilimia 55 ya 205 ni karibu milimita 113. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni inchi za rimu. Namba 91 inasema tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na herufi V inasema linavumilia mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Mwendo huo sina nia ya kuujaribu. Kilo 615 ndizo zilizonigusa, maana nazijua safari zetu za kutoka Iringa, na nayajua magunia ya viazi tunayopewa tusiyoweza kuyakataa.

Tairi linalofaa zile rimu za inchi 18 ni 225/40R18. Piga hesabu, utaona ubavu wake ni milimita 90. Kwa jumla gurudumu linabaki karibu na kimo kile kile, kwa sababu chuma kimeongezeka na mpira umepungua. Tofauti ya ubavu ni milimita 23, kama upana wa kidole gumba. Nilijiuliza kidole gumba hicho kimechukuliwa kwa nani.

Ili kulijibu hilo yafaa tukumbuke tairi la upepo lilikotoka. Fikra yenyewe iliandikishwa na Robert William Thomson mwaka 1845, lakini haikushika. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop aliitengeneza upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na barabara. Hapo ndipo biashara nzima ya matairi ilipoanzia, kwa baba aliyetaka mtoto wake asiumie. Gari halibebwi na chuma, wala halibebwi na mpira peke yake. Linabebwa na upepo uliofungwa ndani ya mpira, na ubavu wa tairi ndio nyumba ya upepo huo. Ukiupunguza ubavu, umepunguza kile kinachosimama kati ya shimo la barabarani na mgongo wa abiria.

Sisemi kwamba ubavu mfupi ni upuuzi. Una kazi yake. Ubavu mfupi haupindi ovyo kwenye kona, na dereva akigusa usukani gari hutii mara moja. Rimu kubwa nayo hutoa nafasi ya breki kubwa. Kwenye lami laini kama meza, mpwa wangu angekuwa amesema kweli tupu. Na matairi yote, ya inchi yoyote, hukanyaga ardhi kwa eneo dogo sana, kadiri ya kiganja kilichokunjuliwa. Viganja vinne ndivyo vinavyoshika breki, kona, mvua na roho za watu. Yeyote anayetafuta kuviboresha viganja hivyo, namheshimu.

Lakini kuviboresha kuna masharti, na masharti yenyewe ni ya milimita. Katika duka la pili tulikuta rimu zilizotoka kwenye Toyota, za rangi ile ile ya dhahabu niliyoiota. Zilikuwa na matundu 5 kwenye duara la milimita 100, sawasawa na Subaru yangu. Mpwa wangu alishangilia. Fundi akainua moja ajaribu, ikagoma kukaa. Sababu ni kwamba tundu la katikati la rimu za Toyota za namna ile ni milimita 54.1, na habu ya Subaru ni milimita 56.1.

"Mzee, ni mili mbili tu," fundi alisema. "Tunakwangua kidogo, inaingia."

Akachukua na nati za Toyota zilizokuja na rimu zile. Nazo zina unene ule ule wa milimita 12, ila hatua ya uzi wake ni 1.5, na misumari ya Subaru ni 1.25. Nati ya namna hiyo huanza kuingia vizuri, ukadhani imekubali, kisha huula uzi wa msumari. Nilimshukuru fundi yule kwa dhati, kwa kuwa alitaka kunisaidia nipate nilichokipenda, lakini nilikataa. Hata ndani ya ukoo mmoja kuna mitego: Impreza WRX STI za kuanzia toleo la 2005 zina duara la milimita 114.3, na rimu zake haziingii kwenye WRX ya 2002 ingawa majina yao ni ya ndugu.

Sharti jingine ni lile waliitalo ofseti, linaloandikwa ET na namba. Ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusa habu. Rimu zangu zilikuwa za upana wa inchi 6.5, ET55. Zile za inchi 18 zilikuwa za upana wa inchi 8, ET35. Nilichukua karatasi nikachora. Upande wa ndani rimu ingekaa karibu pale pale. Upande wa nje ingetoka milimita 39 zaidi. Kwa macho ya mtazamaji, gari lingepanua mabega kama mwanamasumbwi. Kwa gari lenyewe, tairi lingekaribia kusugua madigadi kila shokapu zinaposhuka, beringi zingebeba uzito kutoka mbali kuliko zilivyokusudiwa, na usukani ungevutwa na kila bonde la lami.

Kisha kuna umri na usawa. Matairi ya mtumba yaliyopigwa rangi nyeusi hung'aa kama mapya, lakini ubavuni kuna tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Na Subaru hii husukuma magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo matairi yake hayana budi kulingana. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyolika, magurudumu hayazunguki sawa, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika mpaka kiungue. Asiye na fedha za matairi manne afadhali asubiri.

Sasa nimweleze msomaji barabara yangu. Mama yangu yuko Iringa, na mara mbili kwa mwaka namleta Dar es Salaam kuonwa na daktari wa mgongo. Ni safari ya kilomita kama 500. Tunapita Morogoro, tunapita hifadhi ya Mikumi yenye matuta yake, tunapanda Kitonga nyuma ya malori yanayopumua kwa shida. Kabla ya hapo kuna viraka vya lami vilivyosukumwa na malori hayo hayo, na mwisho wake, kabla ya mlango wa mama, kuna kilomita 6 za vumbi na mawe. Katika safari mojawapo tulimkuta kijana karibu na Doma, gari lake zuri limepaki pembeni, rimu imepasuka ukingoni kwa shimo moja. Tairi lake la akiba lilikuwa dogo, halikulingana na mengine. Mke wake alikuwa amekaa chini ya mti na mtoto mchanga, jua la saa nane. Tuliwachukua mama na mtoto mpaka Mikumi. Njiani yule dada hakusema neno juu ya gari. Alikuwa akimpepea mwanawe tu.

Mpwa wangu nilipomwambia nimeamua kubaki na inchi 16, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Lakini mjomba, McRae hakuendesha kwa viatu vya mzee."

Nilifurahi alipomtaja, kwa kuwa jibu lilikuwa kwa McRae mwenyewe. Timu za mashindano ya dunia miaka ile zilifunga rimu za inchi 18 zilipokwenda kushindana kwenye lami. Kwenye vumbi na mawe zilizivua, zikafunga rimu ndogo za inchi 15 zenye matairi ya mbavu ndefu. Gari lilikuwa moja, dereva mmoja, viatu mbalimbali. Mabingwa wale hawakuuliza gari linalilia nini. Waliuliza barabara inataka nini. Mpwa wangu alikwenda akatafuta picha za Safari ya 1997, akazitazama kwa makini, na hakulisema tena neno la viatu vya mzee.

Fedha ambazo ningelipia rimu nilizigawa. Sehemu kubwa ilinunua matairi 4 mapya ya namna moja, 205/55R16, ya mwaka ule ule. Sehemu nyingine ililipia kunyoosha rimu zangu mbili zilizokuwa zimepinda kidogo, na kufanya balansi na alaimenti. Iliyobaki nilimpa fundi wa rangi, akazikwangua rimu zangu za asili na kuzipaka dhahabu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika na rangi ile. Nilimwambia nina hakika nayo tangu mwaka 1997.

Watu wengi huanza na rangi, wakaja kwenye rimu, wakatafuta tairi la kuingia kwenye rimu, na mwisho kabisa wakakumbuka barabara na watakaopanda. Mimi ningeshauri waligeuze. Waanze na mgongo wa atakayekaa kiti cha nyuma, kisha barabara atakayopitishwa, kisha tairi, kisha rimu ya kulishika tairi hilo. Rangi ije mwisho, na ikifika wasiionee haya. Mama yangu, safari ya kwanza, aliteremka mbele ya hospitali bila kushikwa mkono, akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma.

"Haya madhahabu, baba, ni yako wewe," alisema. "Lakini sikutikiswa."