Wikiendi Lushoto: Tulikwenda Kupunguza Kitambi, Tukarudi na Adabu

Umeshawahi kumchunga mwenzako sahani kama askari wa barabarani? Basi hii safari inakuhusu.

Yalianza na kipimo. Novemba 2023 kazini kwa mume wangu walileta watu wa afya, wafanyakazi wakapanga foleni, mmoja mmoja akavalishwa ule mkanda wa mkononi. Yeye akasoma 152 kwa 96. Akacheka, akasema mashine mbovu. Akaenda hospitali, akapimwa tena siku mbili tofauti, mashine zote zikawa "mbovu" vilevile. Daktari akamwambia bado kijana, ana miaka 36, wataanza bila dawa kwa miezi mitatu: apunguze chumvi, apunguze uzito, atembee, halafu arudi wapime waone.

Wengine wangeona ni jambo dogo. Sisi hatukuweza. Baba mkwe wangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51. Nilimkuta hivyo nilipoolewa, upande mmoja haufanyi kazi, analishwa na mkewe. Kwa hiyo niliposikia zile namba, nilichoona mbele yangu ni kile kiti cha baba mkwe pale kibarazani.

Na woga, wapenzi wasomaji, ukikosa pa kwenda hugeuka ukali. Nikaficha kopo la chumvi. Nikawa nakagua mifuko ya suruali nitafute risiti za chipsi mayai. Akichelewa kurudi simuulizi alikuwa na nani, namuuliza amekula nini! Naye akaanza kula kwa siri na kurudi kashiba, anaigusaigusa mboga ya majani niliyompikia. Ikafika mahali mezani tunasikia vijiko tu.

Ilipofika Januari, ile ndefu mnayoijua, hela ya kwenda hoteli za Zanzibar haikuwepo. Tukasema twende Lushoto. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amewahi kufika. Mtoto tukamwacha kwa bibi yake.

Ugomvi wa Korogwe

Tulipanda basi Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, saa 12 asubuhi. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo. Basi liliposimama watu wapate chakula, mume wangu akarudi na chipsi kuku na soda baridi. Mimi nilikuwa na ndizi na karanga kwenye kikapu. Sikusema kitu, lakini si unajua jicho la mke.

"Mama, hata safarini?" akaniuliza.

"Mimi nimesema nini?"

"Hujasema. Ndo maana."

Kuanzia Korogwe kila mtu aliangalia dirisha lake.

Mombo ndipo barabara kuu ya Arusha unaiacha, unakunja kulia na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi za lami hadi Lushoto mjini, lakini kila kilomita ina kona yake. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde linakuchungulia. Mombo tulikuwa tunajipepea na gazeti. Soni, penye maporomoko yanayoonekana kutoka barabarani, watu wakaanza kufunga madirisha. Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, nikatoa sweta. Mjerumani alipotawala aliuita mji huu Wilhelmstal, na alikuwa anapanda huku kukimbia joto la pwani. Kwa hilo tu, namwelewa.

Tukapata nyumba ya wageni ya bei ya kawaida, vyumba visafi, blanketi mbili. Jioni tukala wali, maharage na mchicha. Mume wangu akaonja, akatafuta chumvi mezani kwa macho, akanitazama, akaacha. Tukalala mgongo kwa mgongo.

Nani anahema?

Asubuhi yake mpango ulikuwa kutembea hadi Irente, ile kingo ya mlima ambayo kila anayefika Lushoto lazima aione. Ni kilomita kama 6 kwenda na nyingine 6 kurudi. Bodaboda zipo, ila tulikubaliana: miguu. Tukamchukua kijana mmoja wa pale mjini atuongoze.

Hapa inabidi niseme ukweli. Mimi ni mwembamba. Tangu shule nguo zangu ni saizi ileile, shosti zangu wananionea wivu. Kwa hiyo katika ile vita ya nyumbani mimi nilikuwa upande wa wenye afya na yeye upande wa wagonjwa. Hilo halikuwa na mjadala.

Basi, tulipoanza kupanda kuelekea Yoghoi, haikuchukua dakika kumi na tano. Moyo unapiga masikioni. Miguu kama si yangu. Nikajifanya nafunga kamba za raba. Nikafunga mara ya pili. Mara ya tatu yule kijana akaniuliza kama viatu ni vipya.

Mume wangu alikuwa mbele, anatembea polepole na kitambi chake, jasho linamtoka lakini hasimami. Kumbe tangu aonane na daktari alikuwa anashuka daladala vituo viwili kabla, anatembea. Wiki saba! Hakuniambia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza mbona si vitatu."

Sikuwa na jibu. Na hata kama ningekuwa nalo, pumzi ya kulisemea haikuwepo.

Tulipokuwa tumekaa kwenye jiwe, akapita mama mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi, kichwani kapu la plamsi, mkononi jembe, anapanda kilima kilekile huku anaongea na mwenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmechoka?"

"Kidogo tu, mama."

Akacheka, akatuuzia plamsi za shilingi elfu moja, akaendelea kupanda na maongezi yake palepale yalipokuwa yameishia.

Nikahesabu kichwani. Mara ya mwisho mimi kufanya mazoezi ilikuwa mchakamchaka wa shule. Wembamba wangu ni wa kurithi tu, sijaufanyia kazi hata siku moja, na mwembamba naye anaweza kuwa na presha, anaweza kuwa na moyo mzembe. Kipimo nilichokuwa namdai mwenzangu kila wiki, mimi mwenyewe sikukumbuka nilipima lini. Nilikuwa refa ambaye hajawahi kucheza mpira.

"Mama, twende mdogomdogo," mume wangu akaniambia, akanipa mkono. "Ukiweza kuongea, mwendo uko sawa. Ukishindwa kuongea, tunapunguza."

Ndivyo alivyoambiwa na daktari, na ndiyo kanuni yenyewe kwa anayeanza: mwendo wa kukupa joto na kukuharakisha pumzi, lakini bado unaweza kupiga stori. Tukapunguza. Tukapiga stori. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba hatukuzungumzia chakula.

Mezani Irente

Kabla ya kufika kwenye kingo unapita shamba la Irente, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa jibini, mkate mweusi wa rai na jamu za matunda ya hukuhuku. Tukakaa chini ya miti, tukaletewa mkate, jibini, mboga mbichi na matunda.

Mkate wa rai si ule tuliouzoea wa kumeza na chai. Ni mzito, una uchachu kidogo, unatafuna kweli. Vipande viwili tu nimeshiba, na nilikaa na shibe hiyo hadi jioni. Ni hesabu ileile ya dona na sembe: nafaka ikibaki na ganda lake, tumbo linafanya kazi taratibu na njaa haikurudii upesi. Jibini tulikula kwa kiasi, maana tamu ni tamu, ila ina chumvi na mafuta yake.

Tukaelewa kitu kingine. Chakula cha Lushoto kina ladha kwa sababu kimetoka shambani jana au leo. Karoti ina utamu wa karoti. Kabichi haijakaa siku tatu kwenye lori. Sisi mjini tunaimwagia mboga iliyochoka chumvi na viungo vya paketi, ambavyo navyo vimejaa chumvi, halafu tunasema chakula bila chumvi hakiliki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo hesabu na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na chipsi. Mimi nilikuwa nimeficha kopo huku nawasha jiko na paketi mbili za viungo. Askari gani huyo!

Kutoka shambani ni kama kilomita moja na nusu hadi kwenye kingo yenyewe. Unatembea kati ya mashamba na nyumba, ghafla ardhi inaisha. Chini yako karibu mita 1,000, Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari, barabara kuu na magari madogo kama siafu, na nyanda za Wamasai zinakwenda hadi zinapotea ukunguni. Upepo unakupiga kifuani.

Tukakaa hapo muda mrefu. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kukitamka nyumbani: kwamba ninapoficha chumvi, namwona baba yake kibarazani. Kwamba naogopa.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Na mimi namwona yeye. Kila siku. Ukinikagua mifuko ndo namwona zaidi."

Jamani, miaka sita ya ndoa, tunasubiri hadi tufike ukingoni mwa mlima ndipo tuambiane.

Tulichorudi nacho Dar

Kesho yake tulitembea tena, kidogo tu, upande wa msitu wa Magamba, tukaona mbega wakiruka juu ya miti na mikia yao meupe. Jumatatu tukawa tumerudi kwenye foleni ya kawaida. Mlima haubebeki, kwa hiyo tuliweka makubaliano machache, yote ya watu wawili.

Kwanza, hakuna askari. Kila mtu anapakua sahani yake. Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Akizidisha, ni sahani yake.

Pili, kutembea pamoja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 12 asubuhi tunazunguka mtaa dakika 30, Jumamosi saa nzima, na tukiwa na nauli tunakwenda Daraja la Tanzanite. Hiyo ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima.

Tatu, paketi za viungo zimetoka jikoni. Zimeingia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha hospitali, sidanganyi. Wiki ya tatu ulimi ukazoea.

Nne, nyama choma haikufukuzwa. Ni mara mbili kwa mwezi, tunakwenda wote, kachumbari nyingi, na soda ni maji.

Tano, tunapima wote wawili, siku moja, mashine moja.

Februari daktari alimpima akaridhika na mwelekeo, akamwambia aendelee. Mwezi Mei alisoma 134 kwa 84, na suruali zake mbili zimepelekwa kwa fundi. Bado anarudi kliniki kwa tarehe zake, maana presha haisemi kwaheri kwa mkwara, na kama wewe uko kwenye dawa usije ukaziacha kwa sababu umesoma habari zetu. Mimi? Nilisoma vizuri, ila Machi ndipo nilipoweza kupanda ngazi za ofisi hadi ghorofa ya nne bila kujifanya nafunga raba.

Kibarazani kwa baba mkwe tunakwenda kila mwezi. Safari ya mwisho tulimpelekea jamu ya Lushoto iliyobaki. Alionja kidogo, akauliza tulifikaje huko juu. Mwanawe akamjibu, "Kwa miguu, baba." Mzee akatabasamu na ule upande wake mmoja.

Ukitaka kwenda na mwenzako

Usafiri: mabasi ya Lushoto yanaondoka Dar asubuhi. Ukikosa, panda la Moshi au Arusha, shuka Mombo, uunganishe gari ndogo.

Msimu: Juni hadi Agosti baridi ni kali, beba koti. Mvua za masika, Machi hadi Mei, njia za miguu zinateleza. Plamsi na mapeasi utayakuta mwanzoni mwa mwaka.

Mzigo: raba zilizokwisha kuzoea mguu, sweta, chupa ya maji, kofia.

Mwongozaji: uliza bei mapema, mkubaliane umbali na muda kabla hamjaanza.

Mwendo: kama una presha, sukari au tatizo la moyo, ongea na daktari wako kwanza. Na mkiwa njiani, anayeweka mwendo ni yule anayehema zaidi. Usishangae akiwa ni wewe.