Kikombe cha Ombwe

Baba Mdogo alinipigia simu saa tatu usiku, nikiwa bwenini napambana na hesabu iliyokataa kuisha. Hakuniuliza habari za masomo wala za chakula. "Mwanangu," alisema, "ile nishati yako imefika Kidatu."

Ilinichukua muda kuelewa. Kuna kijana alikuwa anauza jenereta isiyotumia dizeli wala LUKU. Kwa maelezo yake, inavuna nishati ya ombwe, ile iliyojaa katika nafasi tupu. Bei yake milioni nne na nusu. Baba Mdogo, mwalimu mstaafu wa hesabu, alitaka iendeshe mashine ya kusaga na kukoboa ambayo angeifungua kwa kiinua mgongo chake. Alishatanguliza laki sita.

"Watu hapa wanasema ni utapeli," aliniambia. "Nikawajibu nina mtoto anayesoma mambo hayo hayo chuo kikuu, na alishaniambia mwenyewe."

Ni kweli, nilishamwambia. Krismasi iliyotangulia, nikiwa na miezi miwili tu ya shahada ya uzamili, nilikaa na ukoo mzima chini ya mwembe na kuwatangazia kwamba hakuna kitu kinachoitwa utupu. Niliwaambia kwamba ukitoa hewa yote, mwanga wote na joto lote kwenye kikombe, bado inabaki nishati, na kwamba wapo wanaosema nishati hiyo ingetosha kuchemsha bahari zote. Watu waliacha kutafuna. Nilinogewa. Shangazi alipouliza kwa nini sumaku huvuta, nilijibu ombwe. Binamu yangu alipouliza uhai ulianzaje, nikajibu ombwe. Bibi alipouliza kwa nini ndoto zake hutimia, sikusema sijui. Nilitabasamu kama mtu mwenye siri.

Usiku ule wa simu sikulala. Nilichukua daftari nikaanza kutenganisha ninachokijua na nilichokuwa nimekisema.

Ninachokijua ni hiki. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakiwekwa karibu sana ndani ya ombwe, yatavutana. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux aliipima nguvu hiyo, na ikawa ipo kweli. Lakini ni nguvu ya ukubwa gani? Chukua mabamba ya sentimita moja ya mraba, yaachanishe kwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Nguvu inayoyavuta inakaribia uzito wa chembe moja ya mchanga laini. Tena, yakishagusana mchezo umekwisha. Ukitaka yavutane upya lazima uyaachanishe, na kuyaachanisha kunakula nishati ileile uliyoipata. Huwezi kuendesha mashine ya kusaga kwa biashara ya namna hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo Krismasi sikuligusa kabisa. Mwaka 2005 Robert Jaffe alionyesha kwamba nguvu ya Casimir inaweza kukokotolewa bila kuitaja nishati ya ombwe, kama mvutano kati ya chaji zilizomo ndani ya mabamba yenyewe. Yaani hata ushahidi niliokuwa nauringia una maelezo mengine.

Na kile kikombe? Hesabu inayokijaza nishati ya kuchemsha bahari ni hesabu ileile ambayo, ikilinganishwa na kuongezeka kwa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kulikopimwa tangu mwaka 1998, inakosea kwa takriban 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Huenda hakuna hesabu nyingine katika fizikia iliyokosea kiasi hicho. Nami nilikuwa nimeichukua hiyo, kati ya zote, nikawalisha watu ninaowapenda.

Jumamosi nilipanda basi, nikashuka Mikumi, nikaunganisha hadi Kidatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuiona?"

"Nimekuja kukuzuia."

Hakukasirika. Alileta kiti, karatasi na kalamu, akasema neno alilokuwa akituambia darasani: "Onyesha njia." Kwake, jibu bila njia lilikuwa halina alama, hata likiwa sahihi.

Nilianza na bwawa, kwa kuwa lilikuwa jirani. Maji ya Kidatu yanazungusha mitambo kwa sababu yana mahali pa chini pa kwenda. Yakishafika baharini ni mengi kupita kiasi, lakini hayazungushi kitu, maana hayana pa kushukia tena. Ombwe ni kama bahari hiyo. Nishati yake ndiyo ngazi ya chini kabisa, hakuna iliyo chini yake. Anayeuza jenereta ya ombwe anauza bwawa lililojengwa usawa wa bahari.

Alisoma karatasi mara mbili. Kisha akauliza, "Mbona ulituambia inaeleza kila kitu?"

"Kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza," nilisema. Ndiyo sababu pekee niliyoipata.

Alinyamaza kidogo. "Darasani, mtoto aliyejibu saba kwa kila swali alikuwa anapata mawili matatu. Sikuwahi kumhesabia kwamba anajua."

Laki sita hazikurudi. Kijana alisema ni za usafirishaji, kisha namba yake ikawa haipatikani. Nimekuwa nikimtumia Baba Mdogo kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu. Naye kila mara hujifanya hajui ni za nini. Mashine imefungwa, inatumia LUKU kama mashine nyingine zote za mji ule.

Kabla sijaondoka aliweka kidole kwenye kona ya karatasi, pale nilipoandika 1 na msururu wa sifuri.

"Na hili kosa, limetokea wapi?"

"Hatujui, baba. Hakuna anayejua."

Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akavuta kiti karibu. "Hili," alisema, "ndilo ungetuambia Krismasi."