Mshipi Mmoja wa Kuanzia: Mafunzo ya Rutland Water



Ndugu wasomaji, mara hii tunawachukua hadi Rutland, wilaya ndogo ya Uingereza iliyo mashariki ya Leicester, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Hapo kati ya miji ya Oakham na Stamford pana ziwa kubwa liitwalo Rutland Water. Mgeni aliangaliapo hudhani liko tangu kuumbwa kwa dunia, ilhali lilitengenezwa na binadamu katika miaka ya 1970. Bonde la mto Gwash lilizibwa kwa ukuta wa udongo karibu na kijiji cha Empingham, na maji yakavutwa kwa mabomba kutoka mito ya Nene na Welland. Kijiji cha Nether Hambleton kilitoweka. Upper Hambleton kilisalia juu ya kilima, nacho leo kimezungukwa na maji pande tatu kama rasi. Kanisa la kale la Normanton liliokolewa kwa kujazwa mawe na saruji sehemu yake ya chini, nalo limesimama ukingoni hadi hii leo.

Ziwa hili lilitengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, si kwa ajili ya samaki. Hata hivyo lilipandikizwa trauti, na uvuvi ukafunguliwa mwaka 1977. Wako trauti wa kahawia, ambao ni wenyeji wa mito ya nchi hii, na wako wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Wenzetu waliokulia Nyeri na kandokando ya milima ya Nyandarua wanamfahamu samaki huyu, kwani walowezi wa Kiingereza walimpeleka katika mito ya huko mwanzoni mwa karne ya 20.

Miongoni mwa familia zetu wapo wanaokwenda Rutland kutazama maji na kupunga upepo, na sasa wamezuka vijana wanaotaka kuvua. Desturi kuu ya kuvua trauti katika nchi hii ni ile ya nzi wa bandia. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: ninunue mshipi gani? Dukani ipo ya kuelea, ya kuzama polepole na ya kuzama upesi. Ipo minene na membamba. Upo wa chini ya paundi 30 na upo wa zaidi ya paundi 80. Mtu mwenye watoto wanne na mshahara mmoja hana budi kujua anachokinunua.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni ya haki shambani, ambako jembe lolote lenye makali hulima. Katika uvuvi huu haifai, na sababu yake inafaa kuelezwa taratibu, hasa kwetu sisi watu wa pwani.

Mshipi wa kwetu tunaujua sote: uzi, ndoana, chambo na chubwi. Uzito uko mwisho. Mkono hulirusha chubwi, nalo huuvuta uzi nyuma yake hadi majini. Uvuvi wa nzi umeligeuza jambo hili juu chini. Nzi wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo. Hana uzito wa kumfikisha hata hatua tatu. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na nzi hufuata. Kwa hiyo mshipi huu ni mnene, umevikwa plastiki laini, na urefu wake aghalabu ni kama meta 27. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana vyema majini, na nzi hufungwa kwenye ncha ya uzi huo.

Ufito nao hufanya kazi ya upinde. Mvuvi anapourudisha nyuma, mshipi hujinyosha hewani na uzito wake huupinda ufito. Anapouleta mbele, ufito hujinyosha na kuusukuma mshipi. Mshipi ukiwa mwepesi mno, ufito haupindiki na mshipi huanguka miguuni kama kamba iliyokatika. Ukiwa mzito mno, ufito hulemewa na mkono huchoka kabla ya adhuhuri. Ufito na mshipi ni kama mchi na kinu: kila kimoja huchaguliwa kwa kukitazama mwenzake.

Ili watu wasikisie, watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani walikubaliana juu ya namba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hupimwa uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani meta 9 na kidogo. Namba 5 huwa na gramu 9.1, namba 6 gramu 10.4, na namba 7 gramu 12. Namba ya ufito huandikwa juu kidogo ya mshikio wake. Asomaye namba hiyo kabla ya kutoa fedha amekwisha fanya nusu ya kazi.

Tumeyaona wenyewe madhara ya kutoisoma. Ndugu yetu mmoja, mvuvi wa tangu utotoni huko Pemba, alimnunulia mwanawe wa miaka 14 ufito wa namba 5. Dukani akauziwa mshipi wa namba 8 wa kuzama upesi, akaambiwa kwamba ziwa ni refu kwenda chini na samaki wako huko. Tulikuwa pamoja nao ukingoni siku ya kwanza. Mshipi ulizama kati ya magugu, ukakwama, ukang'olewa, ukakwama tena. Kila ulipotoka ulikuwa mzito hata kijana hakuweza kuuinua hewani. Baada ya saa moja na nusu alimwambia mzazi wake, "Baba, twende zetu. Hii si kama uliyokuwa ukinihadithia." Baba hakujibu. Alikunja vifaa, na ufito ule ukakaa nyuma ya mlango majira ya baridi yote. Fedha ziliuma, lakini liliuma zaidi lile la mtoto kuondoka akiamini kwamba hadithi za babaye hazina mahali katika nchi hii.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mmoja wetu aliwaazima mshipi wa kuelea wa namba 5. Kijana aliweza kurusha meta 10, kisha 12, na hayo yalitosha, kwani trauti mara nyingi hula karibu na ukingo. Samaki wa kwanza alipogusa, kijana hakuhisi kitu. Aliyehisi ni baba, aliyeona ncha ya mshipi ikisita juu ya maji, akasema, "Huyo anadonoa. Ngoja... sasa!" Elimu ile ya vidole aliyojifunza kwa tasi na changu ilikuwa ikingojea tu mshipi utakaoiruhusu kuonekana.

Basi, kwa anayeanza na atakayenunua mshipi mmoja tu, shauri letu ni hili.

Kwanza, uwe wa kuelea. Mshipi wa kuelea huonekana, na mwanafunzi hujifunza kwa kuona. Huinuliwa majini bila taabu na hurushwa tena. Hutumika mtoni na ziwani. Tena haumfungi mtu juu ya maji peke yake: ukiongeza urefu wa nailoni hadi meta 4, ukafunga nzi mwenye uzito kidogo na kungoja, utavua kina cha meta mbili au tatu. Chakula kikubwa cha trauti wa maziwa haya ni vijidudu vinavyopanda kutoka matopeni hadi juu ili viote mbawa, na samaki huvifuata vinapopanda.

Pili, uwe na uzito mbele. Mishipi hii haina unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Uliotiwa uzito mbele una tumbo nene katika meta 9 hadi 12 za kwanza, kisha huwa mwembamba na mwepesi kuteleza; huu humsaidia mgeni kufika mbali na kushindana na upepo, na Rutland haikosi upepo. Upo pia uliochongwa sawasawa ncha zote mbili. Huo hutua majini kwa upole zaidi, na upande mmoja ukichakaa hugeuzwa ukatumiwa wa pili. Mwenye kuvua mito midogo tu, na mwenye kubana matumizi, hatakosea akiuchukua.

Tatu, namba iwe ile ya ufito. Kwa asiye na ufito bado, ufito wa futi 9 wa namba 6 ndio wa katikati: si mzito mno kwa mto, wala si mnyonge mno kwa ziwa. Wanaovua ukingo wa Rutland siku za upepo hupendelea namba 7. Wanaovua vijito hutosheka na 4 au 5. Katika sanduku mtaona maandishi WF6F. Herufi mbili za kwanza ni uzito mbele, tarakimu ni namba, na herufi ya mwisho ni kuelea. Ile ya ncha mbili sawa huandikwa DT, na S mwishoni ni ya kuzama.

Hapa pana tahadhari. Baadhi ya watengenezaji siku hizi huuza mshipi mzito kuliko namba iliyoandikwa, kwa nusu namba au hata namba nzima. Someni gramu pembeni mwa sanduku. Zisipoandikwa, pimeni futi 30 za mwanzo, mziweke juu ya mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, mlinganishe na hesabu tuliyoitaja.

Nne, msishughulishwe mno na rangi. Samaki hukaribiwa na nailoni, si mshipi. Rangi ya kung'aa humsaidia mwanafunzi kuona mshipi wake ulipo.

Ama bei, mshipi wa kati unaotunzwa hudumu kuliko wa ghali unaotupwa ndani ya gari. Zamani mishipi ilikuwa ya hariri, ikapakwa mafuta na kuanikwa kila jioni. Hii ya plastiki haihitaji hayo. Ifuteni kwa kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, msiiache juani, na mkijipaka dawa ya kufukuza mbu, nawani mikono kabla ya kuigusa, kwani baadhi ya dawa hizo huila plastiki. Ukitoka sandukuni umejikunja kama chemchemi, unyosheni polepole kwa mikono miwili.

Hatusemi kwamba mshipi mmoja unatosha milele. Katika joto la kiangazi trauti hushuka maji baridi, na mwenye mashua atahitaji wa kuzama. Lakini huyo amekwisha jua anachokitafuta. Anayeanza hajui, na dukani ataambiwa anahitaji yote.

Sheria ya nchi nayo iheshimiwe. Uingereza, kila aliyetimiza miaka 13 anahitaji leseni ya ufito. Wa miaka 13 hadi 16 huipata bure, lakini ni lazima waiombe. Wa chini ya hapo hawaihitaji. Leseni hiyo si ruhusa ya ziwa. Ruhusa hulipiwa kwa mwenye maji, nayo hutaja samaki wangapi mnaweza kuchukua. Ulizeni kabla ya kusafiri.

Na hapo lipo jambo la dini yetu. Samaki ni halali na kumvua kwa chakula ni riziki, lakini kumtesa kiumbe mwenye roho kwa mchezo si katika adabu tuliyofundishwa. Maji mengine huamuru kila samaki arudishwe. Sisi tunashauri familia zichague maji yanayoruhusu kuchukua kitoweo, zivue kiasi cha kula, kisha zikunje mshipi. Trauti aliyepakwa chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, akachomwa taratibu, hana haja ya kusifiwa na sisi.

Kati ya Machi na mwisho wa kiangazi huenda mkamwona huko ndege mkubwa mla samaki, jamaa ya mwewe. Vifaranga vyake vililetwa kutoka Scotland kuanzia mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kuzaa hapo Rutland. Inapoingia baridi huruka hadi Afrika Magharibi, kisha hurejea. Waonyesheni watoto.

Mwenye ufito nyumbani na asiyejua namba yake, au namba imefutika, aulete darasani Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Tutautazama pamoja kabla hajanunua kitu. Wenye mishipi isiyowafaa nao waje nayo, kwani iliyo mizito kwa mmoja yumkini ikamfaa mwenzake.