Redio ya Bei Nafuu Ni Ipi?

Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti kwetu Lushoto ilishuka kutoka angani. Taasisi yenye dishi la setilaiti ililipa fedha nyingi kila mwezi kwa kasi ambayo leo hata mwanafunzi wa sekondari angeilalamikia. Namna pekee ya kuumudu mzigo ule ilikuwa kuchangiana: dishi likae mahali pamoja, halafu hospitali, shule na ofisi ya ushirika zigawane kwa redio. Ndipo nilipoingia katika kazi hii, na swali nililolikuta ndilo ninaloulizwa hadi leo: kwa fedha hii tuliyo nayo, tununue redio gani?

Siku zile jibu lilikuwa moja. Kampuni ya Linksys ilikuwa imetoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, kiboksi cha bluu na nyeusi chenye antena mbili, kilichokusudiwa kukaa sebuleni. Wadadisi wakagundua kwamba ndani yake inaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Kwa kuwa leseni ya Linux inamtaka anayeisambaza atoe msimbo wake, kampuni iliutoa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa OpenWrt, wa programu huria ya ruta. Tangu hapo ruta ya sebuleni ikawa mali ya fundi. Uliiwekea programu uitakayo, ukarefusha muda wa kusubiri jibu la upande wa pili, mawimbi yakavuka mabonde. Mwaka 2006 mtaalamu wa mitandao Ermanno Pietrosemoli na wenzake walitumia ruta za aina hiyo kuunganisha sehemu mbili za Venezuela zilizoachana kilomita 279. Mwaka 2007 wakafika 382. Sisi tulihitaji kilomita chache tu, kwa hiyo habari zile zilitutia moyo sana.

Antena tulijitengenezea. Tulichukua kopo la bati lenye kipenyo cha karibu sentimita 9, tukalitoboa ubavuni, tukafunga konekta, na juu yake tukachomelea kwa risasi kipande cha waya wa shaba cha milimita 31, ambacho ni robo ya urefu wa wimbi la gigahezi 2.4. Milimita hizo zilipimwa kwa rula na kukatwa kwa subira, maana waya ukizidi au ukipungua, kopo linapoteza nguvu. Nilimwona mwalimu wa fizikia akiwapanga wanafunzi wake kulizunguka kopo lile, akawaonyesha kwa mara ya kwanza wimbi lenye urefu unaoshikika.

Tatizo kubwa lilikuwa kebo. Ruta ilikaa ndani ya nyumba na antena juu ya mlingoti. Kati ya viwili hivyo mita 10 za kebo nyembamba zilikula karibu desibeli 10, yaani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zote. Kebo nene isiyopoteza nguvu ilikuwa ghali kuliko ruta yenyewe. Ukungu wa milima yetu ya Usambara nao uliingia kwenye maungio, shaba ikageuka kijani.

Kisha, mwaka 2008, zikaja redio za NanoStation za Ubiquiti. Redio na antena vilikuwa ndani ya gamba moja la plastiki, na kilichopanda mlingotini ni waya mmoja wa mtandao uliobeba data na umeme pamoja. Hasara ya kebo ikaisha kwa sababu redio yenyewe ilihamia juu. Hata bei ilikuwa chini ya dola 100. Bodi za MikroTik kutoka Latvia nazo zikazoeleka, na nyingi zilikubali volti za viwango mbalimbali, jambo lenye uzito mahali panapotegemea sola na betri.

Faida ile ilikuja na sharti. Waifai ya kawaida ina udhaifu milimani: vituo viwili vilivyo pande mbili za kilima havisikiani, hivyo vyote hurusha kwa wakati mmoja na kuvurugana kwenye kituo cha kati. Kampuni zikalitatua hilo kwa kugawa zamu, kila kituo kikipewa muda wake. Lakini kila kampuni ilibuni zamu zake, na redio ya moja haielewi zamu za redio ya nyingine. Anayeanza na chapa fulani hujikuta ameifuata chapa hiyo mtandao mzima. Ndiyo maana nawaheshimu watu wa shirika la AlterMundi la Argentina, ambao pamoja na wenzao waliamua kubuni ruta yao, LibreRouter, kwa ajili ya mitandao ya jamii na kwa programu iliyo wazi.

Siku hizi sianzii dukani, naanzia mlimani. Njia ya kilomita 10 kwa gigahezi 2.4 inahitaji nafasi wazi ya kama mita 11 kuzunguka mstari wa katikati, na mikaratusi hukua haraka. Mti ulioachwa chini ya mstari leo utauziba baada ya misimu michache. Hakuna redio ya kununua itakayoutoboa msitu uliolowa mvua. Baada ya njia nauliza umeme, kisha nauliza kama redio inakubali OpenWrt au mtengenezaji bado anaitolea masasisho, na mwisho kama ya akiba inapatikana Tanga au Arusha bila kungoja meli. Bei ya dukani naitazama baada ya hayo yote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kijiji au shule yenu inapanga mtandao wake, ulizeni kwanza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuhusu vibali, kisha bajeti ianze na mlingoti imara, waya wa kuzamisha radi ardhini na mafunzo ya vijana wawili watakaobaki hapo. Nunueni redio za aina moja, na ya ziada muiweke kabatini. Redio ya bei nafuu ni ile ambayo vijana hao wataweza kuitengeneza au kuibadilisha wenyewe.