Fungate, Hoteli ya Bustani na Kibaba cha Maji



Mabibi harusi ninaowashonea huniuliza mengi wakati nawapima nguo. Siku hizi swali kubwa si shela wala hina, ni fungate. "Dada, ile hoteli mliyolala Singapore ilikuwaje? Inafaa kwa sisi tunaojisitiri? Na ina thamani ya pesa zake?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo nawajibu wote pamoja.

Mimi na mume wangu tulipitia Singapore tukitokea Jakarta, nilikokwenda kununua vitambaa na lesi katika soko la Tanah Abang. Msimu wa harusi ulikuwa umenimaliza. Anayekaa kwenye cherehani kutwa anajua mgongo unavyokuwa. Mume wangu akasema siku tatu za mwisho zisiwe za kubeba mizigo, ziwe za kupumzika. Tukachagua PARKROYAL Collection Pickering, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2013 katikati ya mji, ikachorwa na kampuni ya wasanifu ya WOHA.

Ukiiona kwa nje utasema mlima umeota mjini. Kila baada ya ghorofa nne kuna bustani inayoning'inia, na zote kwa jumla zinafika mita za mraba 15,000, zaidi ya mara mbili ya kiwanja chenyewe. Maji ya mvua yanakingwa juu na kuteremka kumwagilia mimea. Taa za bustani zinatumia umeme wa jua. Chumbani kuna bomba la maji yaliyochujwa, kwa hiyo hupangiwi chupa za plastiki kila siku. Tulifungua pazia tukakuta majani, na hapo chini magari yanapita. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa miezi.

Sasa tuje kwenye sitara. Bwawa la kuogelea liko ghorofa ya tano, liko wazi, na ni la wanaume na wanawake pamoja. Mimi sikuingia, na sikujiona nimekosa kitu, kwani pembeni yake kuna njia ya kutembea katikati ya bustani, kama mita 300. Tukiswali alfajiri tunatoka, mimi na buibui langu, tunazunguka taratibu mpaka jua linachomoza. Kwa upande wa kukandwa, uliza kabla hujalipa: nani atanikanda, na chumba kinafungwa? Mimi niliomba mwanamke nikapata. Chakula, tafuta alama ya halali inayotolewa na MUIS, baraza la Waislamu la kule.

Msikiti uko karibu sana. Unaitwa Masjid Omar Kampong Melaka, mkongwe kuliko yote Singapore, ulianzishwa mwaka 1820 na Syed Omar bin Ali Aljunied, mfanyabiashara mwenye asili ya Hadhramaut. Washihiri wetu wa Unguja wametoka huko huko. Jahazi moja lilielekea kwetu, jingine likaelekea kwao, na kote wakaswali. Nilijihisi niko kwa jamaa.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni maji. Singapore haina maji ya kutosha ya kwake. Inanunua mengine Malaysia, na tangu mwaka 2003 inasafisha maji yaliyokwisha kutumika mpaka yanakuwa safi tena, wanayaita NEWater. Nchi tajiri kama ile inahesabu kila tone! Sisi kisiwani tunajua kuamka usiku kukinga maji yakitoka, na tunajua vijiji ambavyo mama anabeba ndoo huku bustani ya hoteli ya jirani inamwagiliwa mchana kutwa.

Na haya si mageni kwetu. Tumesomeshwa chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na kuoga kwa pishi moja au kuzidi kidogo. Kipimo kile kile cha pishi tunachotolea zakatul-fitri! Tumekatazwa israfu hata kwenye ibada, sembuse kwenye starehe. Kwa hiyo hoteli inayotunza maji haijatuletea dini mpya, imetukumbusha ya kwetu.

Tena hata hiyo wanayoiita spa tunayo. Bibi harusi wa Kizanzibari anasingwa kwa singo na liwa, anafukizwa udi, anavalishwa vikuba vya asmini, na somo wake anakaa naye anamfunza. Mwili unatunzwa kwa sababu ni amana. Hakuna anayekwambia hayo ni anasa.

Anasa inaingia pale unapokopa. Mmoja wa wateja wangu alinieleza kwamba yeye na mchumba wake wanataka kuchukua mkopo wa riba, hii ya kausha damu, wakalale siku nne hotelini wapige picha. Nilimwekea futi mezani nikamwambia: mwanangu, fungate ni siku saba, deni hili litakula miaka yako ya mwanzo ya ndoa, na Mungu hajalibariki. Alilia kidogo. Kisha wakakubaliana waende Pemba kwa shangazi yake, chumba kinachotazama mikarafuu, na singo amsinge somo wake. Juzi kaja kushona nguo ya Idi, anacheka, hana deni.

Safari yangu niliilipa kutoka faida, zaka imeshatoka, mishahara ya mafundi imeshatoka. Kama hali yako ni hiyo, nenda dada, pumzika, ushukuru. Kama siyo, subiri.

Kabla ya kuondoka tulizuru Msikiti wa Sultan, mtaa wa Kampong Glam, karibu na maduka ya vitambaa ya Arab Street. Jengo la sasa lilimalizika mwaka 1932. Chini ya kuba kuna mkanda mweusi unaong'aa, ni vitako vya chupa za kioo. Masikini wasiokuwa na pesa walichangia chupa, nazo zikawekwa juu kabisa, mahali panapoonekana na kila mtu.

Tangu nirudi, vipande vya lesi na satini havitupwi kiwandani kwangu. Tunavishona vifuko vya kutilia udi na asmini, na kila bibi harusi ninayemshonea anapewa kimoja bure. Ukija kupimwa, kidai chako.

Allah awape ndoa zenye utulivu na riziki ya halali. Amin.