Kwa Kinga na kwa Miguu Upande wa Lomami



Katika bulletini hii wengine wameandika juu ya mpira na juu ya kwaya. Siye wanafunzi 5 wa mwaka wa tano tunaandika juu ya njia. Likizo iliyopita tulitoka Kindu na kinga 4, tukafuata barabara ya magharibi, ile inayoelekea mto Lomami. Kusema kweli, karibu nusu ya safari tulienda kwa miguu, maana mchanga ukiwa mwingi kinga njo inapanda mtu, hapana mtu kupanda kinga.

Hatukufika ndani ya Parki ya Taifa ya Lomami. Kule kunaomba siku nyingi kuliko zile tulizokuwa nazo, na ruhusa ya ICCN juu yake. Parki ile iliundwa mwezi wa 7 mwaka 2016, nayo ina karibu kilometa za mraba 8.900, katika Maniema yetu na Tshopo. Mbele ya hapo, tangu 2007, watafiti pamoja na watu wa vijiji walipima pori ile kwa miguu na kwa mutumbwi, wakifuata bonde la Lomami, wakitafuta vitanda vya bonobo, mavi ya tembo na nyayo za okapi.

Njo vile lesula alivyojulikana. Mwaka ule wa 2007, kule Opala, walikuta makako mdogo jike nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. (Ndiyo, wa shule! Tulicheka sana.) Wenyeji walikuwa wanamjua zamani, na jina walikuwa nalo. Ni vitabu tu ndivyo havikumjua mpaka 2012. Sura yake haina manyoya, macho yake yanakutazama sawa mtu, na mara nyingi anatembea chini kuliko yulu ya miti. Kwa hiyo mitego ya chini inamkamata vyepesi.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi liko hapa hapa mjini. Kila asubuhi wenzetu wa Alunguli wanavuka Lualaba kwa mutumbwi kuja masomo, na jioni wanarudi. Bonobo hajavuka. Bonobo wote wa porini duniani wako Kongo yetu, upande wa kushoto wa mto huu. Upande wa kuume ni sokomutu. Ni ndugu, wanafanana, lakini maji njo yaliyowatenga, muda mrefu sana kabla ya mtu yeyote kujenga Kindu. Siye tunaosoma Kasuku tuko upande wa bonobo, na wengi wetu hatukujua.

Sasa tuje kwa wale tuliopishana nao. Siku ya pili, tangu mapambazuko, tulihesabu kinga 11 zikija mjini. Nyingine zilibeba mafuta ya ngazi na mchele. 4 zilibeba vikapu vya nyama ya kukausha, na mikono ya makako ikionekana pembeni. Baba mmoja alisimama kupumzika chini ya muti, tukampa maji. Tukamuuliza kama anajua habari ya parki. Akasema:

"Ninajua, watoto yangu. Walikuja, walitueleza. Lakini munafikiri daftari linaota porini? Mutoto yangu anasoma Kindu sawa ninyi. Minervali yake ni hii hapa," akapiga kikapu kwa mkono.

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alitazama chini, maana minervali yake pia inatoka kwa meza ya mama yake sokoni, na yeye anajua meza ile inauza nini.

Usiku, katika kijiji tulicholala, tulibishana mpaka moto ukazimika. Wawili walisema: pori ni la Mungu, wanyama wake si mali ya soko. Wengine wakajibu: na mutoto wa yule baba ni wa nani? Mwishowe tulikubaliana juu ya jambo moja dogo. Simbiliki na paa wadogo wanazaa upesi. Bonobo anakaa na mimba karibu miezi 8, kisha miaka 4 au 5 inapita mbele ya kuzaa tena. Ukiondoa mmoja, nafasi yake inakaa wazi muda mrefu kuliko masomo yetu yote ya sekondari. Bonobo, okapi na tembo sheria inawalinda katika inchi nzima, si ndani ya parki peke yake. Kama ni siye wenye kupanga soko, simbiliki angebaki ku meza, na yule baba angeongeza mchele ku kikapu. Lakini bei ya mchele hapana bei ya nyama, na barabara ile inaomba nguvu ileile kwa mzigo wa bei kidogo. Mtu anayejua hesabu ya jambo hili atuandikie katika namba ijayo. Walimu pia wanaruhusiwa!

Likizo ya Paska tunataka kuvuka Alunguli, tutembee kwa miguu upande wa sokomutu, tuwaulize wazee wa kule wanaita nini kila makako. Tuko na nafasi ya watu 2. Mwenye pompe ya kinga asituache. Yetu iliharibika njiani, tukapuliza magurudumu kwa deni.